Kiti cha Mgeni na Karafuu za Raya

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa kiti. Ni kiti cha mbao chenye mikono na mto wa kitambaa cha maua, na kinakaa nyumbani kwetu, mtaa wa Jadida, kikisubiri Jumamosi. Akina mama wa kikundi cha mtaani walikuwa wamenialika niwe mgeni wao, niwazungumzie juu ya vijana na kazi, mimi ambaye nimemaliza chuo na bado kila nikiamka natazama simu kama kuna mtu aliyenijibu. Nikajiuliza nitawahutubia vipi watu walionifuta kamasi. Nikajiuliza nikikosea nani atanicheka kwanza, nikajijibu kuwa ni Bi Kazija, mcheshi wa kikundi, nikaanza kumtungia jibu. Hayo yote yalikuwa ya juu juu. Chini yake palikuwa na swali moja tu: je, ninaweza kukikalia kiti kile? Ulikuwa msimu wa mavuno, dirisha li wazi, na harufu ya karafuu zinazokauka imejaa chumbani, ile kali na tamu inayokaa kooni. Wengine huiita harufu ya neema. Mimi hunirudisha kwa Raya.

Nilikuwa darasa la nne. Kikundi kilikutana kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri kwenye baraza ya nyumba yetu, kwa sababu mama yangu, Bi Time, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na kwa sababu kiwanja chetu cha mbele kilikuwa kipana. Wao ndio waliopika kwenye misiba ya watu, waliofua mashuka ya wagonjwa wasio na jamaa, walioshona sare za mayatima. Mkutano ulikuwa na mpangilio wake: kwanza dua, kisha habari za wagonjwa na waliojifungua, kisha mchango, na mwisho mgeni. Kila wiki walitafuta mtu mwenye jambo la kuwaeleza. Wiki moja muuguzi, wiki nyingine fundi wa cherehani, na kuna siku alikuja mwanamke wa Kisiwa Panza kuwafundisha kulima mwani, akawachekesha hata majirani wakaja kuchungulia. Mgeni alipewa kiti. Wenyewe walikaa chini, juu ya mikeka. Mama alisema, "Mgeni njoo," wote wakaitikia, "mwenyeji apone," na tangu hapo hakuna aliyenyanyuka mpaka mgeni amalize. Mtoto akilia alinyonyeshwa papo hapo. Mwenye haja alijizuia. Adabu hiyo waliionea fahari. Walisema kuna vikundi ambavyo wanawake wake huinukainuka kama kuku, mgeni akaondoka hajui alikuwa akizungumza na nani.

Raya alikuwa jirani yangu na mwenzangu wa dawati. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akipanda ngazi za skuli midomo yake iligeuka rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Hakuweza kukimbia, kwa hiyo tulimfanya mwamuzi wa michezo yetu yote, naye alikuwa mwamuzi mkali asiyesikia rufaa. Madaktari walisema atibiwe Dar es Salaam, na mama yake, Bi Mize, hakuwa na uwezo huo. Kikundi kikaamua kumchangia. Kwa kuwa kabla ya mauzo hakuna nyumba yenye fedha mkononi, walichanga karafuu mbichi. Kila mmoja alileta alichoweza, amefunga kwenye kanga, na jamaa zetu wa kijijini Shumba wakaleta gunia. Jioni tulikaa wote kuzichambua, kuzitenga na vikonyo vyake, vidole vikawa vyeusi. Raya naye alichambua. Nakumbuka alivyoturudishia zile zenye vikonyo akisema, "Chambueni vizuri, hizi ni nauli yangu." Bi Kazija akamwambia, "Ukifika Dar usitusahau, mwanangu. Niletee mume." Raya akamjibu, "Wako si yupo, Bi Kazija?" "Ndiyo maana nataka mwengine." Bi Mize alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye karafuu, macho yakamwasha, tukazidi kucheka.

Jumamosi iliyofuata mgeni alikuwa afisa mmoja kutoka mjini Chake, mtu mpole, aliyekuja kuzungumzia maji salama. Kiti chake walikiweka ukingoni mwa baraza, mgongo ukielekea kiwanjani, ili apate upepo. Nyuma yake, juu ya majamvi, zilianikwa karafuu za Raya, zimeanza kugeuka hudhurungi. Raya ndiye aliyeliona wingu kwanza, akanigusa ubavuni. Lilikuwa linapanda kutoka nyuma ya minazi, zito. Nikaivuta kanga ya mama. "Mama, wingu."

"Nyamaza. Mgeni anazungumza."

Alisema bila kunitazama, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye lile wingu. Nikawatazama wengine. Wote walikuwa wameliona. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapakuwa na mwanamke pale asiyejua karafuu zikinyeshewa huwaje. Lakini wanachama walimngojea mwenyekiti, na mwenyekiti hakuthubutu kumkata mgeni kauli. Bi Mize alikuwa amelishika pindo la mkeka kwa mikono miwili, amejiinua kidogo, kisha akakaa tena. Yeye ndiye aliyekuwa akisaidiwa. Angeanzaje yeye kuuvunja mkutano? Na yule bwana, alipoona wote wamemkazia macho hivyo, alifurahi akarefusha mazungumzo. Alipofika kwenye kuchemsha maji, matone yakagonga bati. Akageuka.

"Jamani! Mbona hamkunambia?"

Hapo ndipo walipokimbia, na yeye akakimbia nao, akabeba majamvi na viatu vyake vya ofisini vikiwa miguuni. Maji yakimwagika hayazoleki. Mvua ile haikuwa ya kupita. Ilikaa siku kadhaa, na karafuu zilizolowa zikabaki ndani, zimetandazwa mpaka chini ya vitanda, zikavunda, zikapauka, zikawa mpeta, karafuu zilizokufa. Kwenye kituo cha kuuzia karafuu zilipewa daraja la chini kabisa, na fedha hazikutosha. Safari ikaahirishwa mpaka mavuno mengine. Raya aliendelea kuwa mwamuzi wetu, kwanza akiwa barazani, kisha dirishani. Akafariki kabla mikarafuu haijachanua tena.

Kikundi ndicho kilichopika kwenye matanga. Habari ya lile wingu haikutajwa na mtu. Bi Mize aliendelea kuja kila Jumamosi na kukaa pale pale. Mama aliendelea kuwa mwenyekiti, ila lile "Mgeni njoo" akamwachia Bi Kazija alitamke. Nimelifikiria jambo hili mpaka nimechoka nalo. Huenda hata safari isingemponya. Huenda mgeni angekatizwa angeshukuru tu. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na kwa hiyo hapakupatikana wa kusamehewa.

Siku hizi kikundi kina kundi la WhatsApp, na habari za hali ya hewa huwafikia simuni. Lakini Jumamosi yangu ilipofika nilikikuta kiti ukingoni, mgongo kiwanjani, na nyuma yake karafuu za changizo la kumnunulia kijana wa mtaani kiti cha magurudumu. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikakinyanyua, nikakipeleka upande wa mlango, nikakielekeza kwenye majamvi. Ikabidi wote wageuke.

"Haya," Bi Kazija akasema, "msomi katugeuza kibla!"

Nikaanza, na nilianza vibaya, kwa sababu kila sentensi mbili nilitazama juu. Likaja wingu. Halikuwa jeusi. Nikajiambia si kitu, nikajiambia ni kitu, nikafikiria watakavyocheka. Kisha nikaacha neno katikati.

"Wazee wangu, kuna wingu. Naomba tuanue."

Hakuna aliyeinuka. Walimtazama mama, na mama alikuwa anatazama chini. Nami nikaondoka kitini. Aliyenifuata wa kwanza alikuwa Bi Mize, kwa magoti yake ya uzee, akashika upande wa pili wa jamvi. Nyuma yake akaja mama.

Mvua haikunyesha. Jua lilirudi tukiwa bado tunakunja jamvi la mwisho, na Bi Kazija akaniuliza mvua yangu iko wapi. Mazungumzo yangu hayakumalizika. Karafuu ziliingia ndani kavu.