Mbaazi za Bwana Kanga

Mbaazi mbichi zikichemka zina harufu ya majani na udongo uliolowa. Mkwe wangu akizibandika jikoni, mimi natoka zangu nje. Anadhani naringa. Acha adhani.

Kwetu Shinyanga, enzi za Mwingereza, baba alikuwa na ngitili, yaani mbuga ya majani tuliyoifunga ili ndama wapate malisho kiangazi. Akaja mzungu mmoja, akapewa eneo lile lote, na ngitili yetu ikaingia ndani ya mpaka wake. Kwa kuwinda kanga na swala hakuwa na mfano. Tulimwita Bwana Kanga, hata wageni wakawa wanatuuliza doti anauza bei gani!

Hakutaka wanyama wake wa kuwinda wahame kiangazi. Akamwita mama, aliyesifika kwa kutunza mbegu, amchagulie mimea ya kuwalisha, inayopandwa mara moja ikadumu miaka. Mama aliukataa mtama.

"Huo ni wa msimu mmoja tu, Bwana."

Karanga nazo akazikataa. Akachagua maharage ya fiwi yatambae chini, na mbaazi, maana mbaazi ukiikata inachipua tena, mwaka wa pili, hata wa tatu, jua liwake litakavyo. Kisha akauliza, "Na njaa ikija, Bwana, nani atakula?"

"Wenyewe watakula," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Mama alirudi anacheka. Kwetu sisi, wenyewe ni wenye mahali. Ngitili ni yetu, basi wenyewe ni nani kama si sisi? Akazipanda kama anayepanda kwake.

Mvua ikagoma. Mtama wetu ukakauka ungali magotini. Mdogo wangu Masanja akavimba miguu, akawa hachezi tena, anakaa tu. Mama akachukua kikapu, akaenda mchana kweupe, nami nyuma yake. Mtu hujificha kwake? Matawi ya mbaazi yalikuwa yameinama kwa uzito. Kikapu kilipojaa, nyapara akatokea.

"Mama Kabula, leo umekuwa mwizi?"

"Bwana alisema wenyewe watakula."

Nyapara alicheka mpaka akashika kiuno. "Wenyewe ni kanga, mama! Kanga na swala!" Akakimwaga kikapu chote chini, na ndege wakaja mbio.

Masanja tulimzika kabla mvua haijarudi. Mpaka leo naona uchungu.

Tungali matangani, nyapara akaja tena. Bwana amefurahi, mbaazi zimekubali, anataka mama amchagulie mimea ya shamba la pili. Atampa posho ya unga. Mama akajifunga nguo kiunoni, akaenda.

Nilimchukia, jamani. Siku nzima sikumwita mayu, yaani mama, na uji wa unga ule niliunywa nimemnunia. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nilipoelewa alikwenda kwa ajili ya nani. Sisi tuliobaki tuligombania sufuria. Yeye hakuuonja hata kijiko, nami kwa akili zangu za kitoto nikadhani ameshiba.