Maji ya Kumkaribishia Mgeni

Mimi sipendi kuambiwa nimekosea, basi. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na kitu, tuliposikia kwamba kijiji cha chini, upande wa Ruangwa, wanalalamika tunawachafulia mto, nilisonya. Sisi wa Nachingwea tulikuwa juu. Kila msimu wa kupulizia mikorosho tulioshea mtoni Mbwemkuru mashine na mifuko ya salfa, ile dawa ya unga wa njano, maana mfuko ukitakata unafaa kuwekea ufuta. Yangu niliisugua mwenyewe, uchafu wa njano ukaenda zake.

Ulikokwenda ndiko alikokuwa mama yangu. Nilijua, sisemi uongo, kijiji kile ndiko nilikozaliwa. Ila nilijiambia mto ni mrefu, hadi uchafu ufike kwake utakuwa umekwisha. Na mama alikuwa ameniudhi: msimu wa pili huo ananikataza kumpelekea wanangu, hasemi kwa nini. Nikanuna, nikaona amewachoka wajukuu.

Wenyeviti wa vijiji viwili wakapanga tukutane kule chini. Tulikwenda wengi, tumejiandaa kugombana. Wakatuketisha kwenye mikeka, na kwetu mgeni hupewa maji kabla ya neno lolote. Akina mama wakapita na vikombe vya bati. Changu alikileta mama mwenyewe, kakishika kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa na utando wa njano, yananuka salfa. Nikamtazama mwenyekiti wetu. Kashika kikombe, hanywi. Hakuna aliyekunywa. Wenyeji hawakututukana, walitungoja tu.

"Kunywa, mwanangu," mama akasema. "Ndiyo ningewapa wanao."

Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena. Nililia mbele za watu, mimi ninayejidai sina machozi. Ugomvi wote tuliokuja nao ukatuishia. Tukakubaliana vitu vya salfa visioshewe tena mtoni, tuchimbe mashimo mashambani, mbali na maji. Kilichonishangaza, watu wa chini walipanda na majembe yao kuja kutusaidia, huku wakitutania kwamba wa Nachingwea kuchimba hatujui. Msimu uliofuata wanawake wa huku na wa kule tukaanza kuukagua mto pamoja. Tukimkuta mtu na mfuko majini, mimi ndiye wa kwanza kumfokea. Mume wangu nilimfokea mara mbili.

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Kila nilipokwenda kumsalimia mama msimu wa salfa, alinipa kikombe kile kile, akasimama kunitazama. Nilimeza kwa taabu, wala sikuthubutu kuuliza kama niwalete watoto.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshaanza siku nilipokunywa maji yote, hayanuki tena, nikaomba cha pili. Mama hakunijazia. Alikichukua kikombe, akateka, akanywa yeye kwanza polepole, kisha akajifuta mdomo.

"Kesho walete wajukuu zangu," akasema.

Sikungoja kesho. Niliwafuata siku ile ile.