Mdhamini Asiyejua Kusoma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika tawi la maktaba la Changamwe, nilishindwa na kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Nilivipanga kwa urefu, vifupi huku, virefu kule, vikapendeza kama askari wa gwaride. Mkutubi Mkuu, mama mmoja wa kutoka bara aliyekuja Mombasa kumfuata mumewe bandarini, alivitazama akacheka mpaka akavua miwani.

"Binti, hivi si visahani vya kabati," aliniambia.

Akanionyesha namba iliyobandikwa mgongoni mwa kila kitabu. Sisi huiita namba ya mwito. Hiyo ndiyo anwani ya kitabu, na kikiwekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichoibwa, maana hakuna atakayekipata. Nilimaliza saa kumi na moja jioni, vidole vimejaa vumbi. Mama yule alinifundisha pia palizi, yaani kuondoa vitabu vilivyokwisha kazi. Vilivyochakaa aliviondoa bila huzuni. Uchungu wake ulikuwa kwa vile vilivyobaki vipya miaka kumi. "Hivi," alisema, "tumewanyima watu kwa kuvitunza." Wakati ule niliona anatia chumvi.

Kutoka hapo nilihamishiwa Likoni, na huko ndiko nilikojifunza kazi ya likizo. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, watoto wa akina mama wafanyao usafi kwenye hoteli za Shelly Beach walishinda kwetu kutwa nzima. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ukutani. Akimaliza kitabu anatusimulia kilichomo, nasi tunampigia muhuri. Msimamizi wa tawi lile, mzee mpole wa Kimvita, alitukataza kuwauliza watoto maswali ambayo majibu yake tunayajua. "Ukishalijua jawabu, wamuulizani mwana wa watu?" alikuwa akisema. Ilitulazimu kusoma vitabu vyote vya watoto ili tupate la kuuliza lisilo na jibu kitabuni. Sijapata kufanya kazi kwa furaha kama miaka ile.

Mambo yaliharibika nilipohamishiwa tawi la tatu, upande wa Kisauni. Naandika haya nikiwa mstaafu, lakini hasira yake haijastaafu.

Msimamizi wa tawi hilo alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye shahada mbili na mashati yaliyopigwa pasi hadi mikononi. Mimi ndiye niliyependekeza kuwa Jumamosi za likizo tuwaite watoto na wazazi wao wasome pamoja. Alikubali upesi, kwa kuwa makao makuu yalikuwa yakitaka picha. Matangazo akayapeleka mwenyewe Kiembeni, kwenye nyumba zenye mageti. Ziwa la Ng'ombe, mtaa wa vibanda, hakupeleka hata karatasi moja. Nilipomuuliza, alinijibu, "Bi Mghoi, tuanze na watu wenye utamaduni wa kusoma."

Watu wa Ziwa la Ng'ombe hawakungoja tangazo. Jumamosi ya kwanza aliingia mama mmoja wa Kigiriama, kitoto mgongoni na binti wa miaka tisa mkononi. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Binti aliitwa Kadzo, kwa hiyo yeye tukamwita Mama Kadzo. Alivua ndala mlangoni, akatuamkia sote, akaketi mkekani kwenye chumba cha watoto. Kadzo alichukua kitabu akaenda nacho pembeni. Mama naye akachukua chake, akafungua ukurasa wenye picha ya kuku na vifaranga, akakaa papo hapo. Alimsimulia yule mdogo habari za kuku huyo: kwamba ni mkaidi, kwamba ametaga kwenye kapu la jirani, kwamba sasa anaogopa kurudi nyumbani. Kitoto kilicheka mpaka kikapata kwikwi. Watoto wengine, wa Kiembeni nao, waliacha vitabu vyao wakasogea kusikiliza.

Msimamizi alitoka ofisini.

"Mama, unasoma nini hapo?"

"Namwonyesha mtoto kuku, bwana."

"Hebu nisomee mstari mmoja. Huo wa juu."

Mama Kadzo alitazama ukurasa. Aliutazama muda mrefu, kama anayetumaini kuwa mstari utajisoma wenyewe. Kadzo aliinua kichwa, akafungua mdomo amsaidie mamake kutoka kule pembeni, na Msimamizi akamwinulia kidole anyamaze.

"Hapa ni maktaba, si kibaraza," alisema. "Asiyejua kusoma hawezi kuwa mwanachama, wala hawezi kumdhamini mtoto. Ndiyo kanuni. Mzee Athumani, wasindikize."

Mzee Athumani, mlinzi wetu, hakutikisika pale mlangoni. "Wallahi, bwana, mimi huyu simtoi," alisema. "Kanikosea nini?"

Hakukuwa na haja ya kumtoa. Mama Kadzo alikuwa ameshainuka. Alikirudisha kitabu rafuni, mahali pake hasa, kisha akamshika Kadzo mkono wakaondoka.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama nyuma ya dawati la kuazimia, muhuri mkononi. Sikusema neno. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na majibu yote ninayopata ni ya woga.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Ziwa la Ng'ombe nikaulizia mpaka nikampata. Alikuwa akianika. Alinipa kigoda, akaendelea kukamua nguo.

"Ulikuwako," alisema.

"Nilikuwako."

"Hukusema kitu."

"Sikusema. Nimekuja kuomba radhi."

Alikung'uta shati, akalitundika. "Kuambiwa sijui kusoma nimezoea, dada. Nimeambiwa hospitali, nimeambiwa benki, nimeambiwa shuleni kwao. Lakini hawajapata kuniambia mwanangu akiwa amekaa anasoma. Tangu juzi hataki kushika kitabu. Ati maktaba si yetu."

Kesho yake niliingia ofisini mapema, nikatafuta kitabu cha kanuni. Kilikuwa juu ya kabati, chini ya feni mbovu, na kurasa zake zilikuwa zimegandana. Hakuna aliyekuwa amekifungua tangu kiletwe. Mimi mwenyewe, miaka yote ya kazi, nilikuwa nikiwarudisha watu mlangoni kwa kanuni nilizosimuliwa tu. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Kilisema kuwa mdhamini wa mtoto ni mtu mzima yeyote anayejulikana mtaani, na kwamba atatia saini au alama ya kidole gumba mbele ya mtumishi wa maktaba. Habari ya kujua kusoma haikuwamo. Haikuwamo popote.

Msimamizi alipofika nilikuwa nimekiweka wazi mezani pake.

"Bwana Msimamizi, ile kanuni ya Jumamosi iko ukurasa gani?"

Alitupia jicho kitabu, asikiguse. "Ni desturi ya kazi."

"Desturi ya nani?"

"Unataka kunifundisha kazi, Bi Mghoi?"

"Nataka usome mstari mmoja, bwana. Huo wa juu."

Aliiva uso. Mchana nilipewa barua ya onyo kwa utovu wa adabu kwa mkubwa wangu wa kazi. Nikaandika yangu kwenda makao makuu, nikaambatisha nakala ya ule ukurasa. Nilingoja. Agosti ikaisha, shule zikafunguliwa, na jibu halikuja. Nielezeni nyinyi mlio ofisini leo: barua ya mistari sita inahitaji miezi mitatu? Kwa mtoto wa miaka tisa, likizo moja ni sehemu kubwa ya maisha. Ile ya Kadzo ilikwenda na haitarudi.

Jibu lilifika Novemba. Kanuni ifuatwe kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyekemewa, na kabla mwaka haujaisha Msimamizi alihamishwa kwa kupandishwa cheo.

Niliichukua barua ile mimi mwenyewe hadi Ziwa la Ng'ombe, nikamsomea Mama Kadzo kila neno. Alinitaka nirudie. Niliporudia alisema, "Kumbe ilikuwa haki yetu siku ile ile." Hakufurahi. Alikasirika, na nilimheshimu kwa hilo.

Desemba alikuja. Alisimama nje ya lango kwanza, Kadzo nyuma yake ameshika pindo la leso aliyojifunga mamake, mpaka Mzee Athumani alipotoka na kiti chake mwenyewe akamwambia, "Karibu, mamangu, ndani kuna nafasi." Nilileta pedi ya wino. Alikandamiza kidole gumba kwenye kadi ya Kadzo kwa nguvu hata meza ikalia. Kadzo aliikagua alama ile, kisha akaenda kwenye rafu.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Mama Kadzo aketi mkekani amalize habari za yule kuku. Alisimulia, watoto wakubwa wakaandika, na wazazi wa Kiembeni wakachora. Kitabu kile tulikishona kwa uzi, nikakipa namba ya mwito, nikakiweka rafuni. Kiliazimwa mpaka jalada likang'oka, nikalibandika, likang'oka tena.

Nilistaafu mwaka juzi. Kwenye hafla ya kuniaga, pale pale tawini Kisauni, alikuja ofisa kutoka makao makuu. Alisoma hotuba kuhusu usomaji wa familia, namna ulivyoenea hadi matawi mengine, na akamshukuru mwanzilishi wake kwa jina. Lilikuwa jina la yule Msimamizi. Ripoti ndivyo ilivyoandikwa. Watu wakapiga makofi.

Nilipopewa nafasi ya kuaga, maneno niliyokuwa nimeyaandika niliyakunja. Nikawaambia kwamba mtu wanayempigia makofi aliwafukuza watu wa kwanza waliokuja, na kwamba niliwatazama wakifukuzwa nikanyamaza, kwa hiyo makofi yangu pia wayapunguze. Nikawaambia jina la Mama Kadzo. Ofisa aliuliza kwa sauti ya chini kama mama huyo amealikwa, apigwe picha.

"Hakualikwa," nilimjibu. "Leo ni Jumamosi. Yuko chumba cha watoto, anasimulia. Na nyinyi mmefunga mlango wa chumba hicho ili kelele zao zisiharibu hotuba."

Nikaenda kuufungua.