Nyuki Hawaulizi Ngao

Harufu ya tumbaku ilitangulia kufika. Baba mdogo alipokuja kwetu Isevya kutoka Goweko, nguo zake zilinuka moshi wa bani la kukaushia majani, nasi tulijua ni yeye kabla hajapiga hodi. Msimu ule tulikuwa tumemzika mama, kando ya baba aliyetangulia kufa. Mimi mkubwa niliacha shule nikachoma vitumbua mlangoni. Baba mdogo alikuwa ameshasema: mavuno yakianza, atamchukua mdogo wangu Deo akamsaidie shambani. Deo hakuwa amelia tangu msibani. Kila ukimwambia neno, alijibu "sawa". Nilitaka alie kabla hajaondoka, akiwa bado karibu yangu.

Jioni tulicheza mchezo tuliofundishwa na mwanachuo aliyewahi kupanga jirani: mmoja anasimulia safari na kuwaendesha maadui, wengine wanakuwa wasafiri, na dadu ya ludo inaamua nani kapigwa. Msimulizi nilikuwa mimi. Msafara wetu ulitoka Kwihara kwenda Ujiji, kama wapagazi wa zamani. Kila msafiri alipewa alama za kugawa apendavyo. Anjela, kitinda mimba wetu, alizigawa kwenye nguvu, mbio na hata kuimba. Deo aliziweka zote kwenye ngao. Kumpata yeye nilihitaji sita; Anjela alipigwa hata kwa tatu.

"Umenikosa tena, dada," Deo alisema bila kutabasamu. "Hao majambazi wako wamekula kweli?"

Nikaongeza majambazi, waliomkosa Deo wakamwangusha Anjela. Nikawapa mikuki mirefu. Anjela akafa tena. "Kila ukimtafuta Deo unanipata mimi!" akalalamika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: Deo alimruka maiti akaendelea na safari.

Jioni ya mwisho sikuleta jambazi hata mmoja. Niliwapitisha chini ya mizinga ya nyuki, nikaangusha mmoja.

"Rusha dadu," akasema Deo.

"Hakuna dadu. Nyuki hawaulizi ngao. Blanketi la kujifunika ni moja, na unalo wewe."

Aligeuzageuza dadu mpaka kibatari kikaanza kutoa moshi. "Mpe Anjela."

"Na wewe?"

"Waniume tu."

Nikasimulia polepole: mkono, shingo, kope za macho. Anjela alimshika mkono kana kwamba nyuki wamo chumbani. Deo akalia kwa sauti, akimwita mama, mpaka akalala. Asubuhi harufu ya tumbaku ikabisha hodi.

Siku hizi harufu ile huingia na Deo mwenyewe. Huja kwa pikipiki, anasalimia, anakaa karibu na mlango akikizuia kikohozi. Nikimuuliza aliishije kule kwa baba mdogo, hujibu "sawa tu, dada." Wakati ule nilikuwa na msitu mzima wa kusimulia. Sasa nina chai tu. Namtilia kikombe cha pili, naye anavaa helmeti kabla hakijapoa.