Koki ya Mtani

Enzi za Mwingereza nilikuwa dobi wa hospitali moja ya misheni pale Tabora, na nilikabidhiwa mashine ya kufulia. Ilikuwa pipa la bati lililolazwa juu ya miguu ya chuma, lenye mpini wa kuzungushia ubavuni. Ilitumika Ulaya mpaka ikachoka, ndipo ikaletwa kwetu kwa treni. Maji yaliingia yenyewe kwa bomba kutoka kwenye tangi la nje, lililokaa juu ya mnara mfupi wa mawe. Ukifungua koki yanaingia, ukifunga yanakatika. Kabla ya mashine hiyo nilikuwa nikipanda ngazi na kuchota kwa ndoo, kutwa kucha, na nilikwisha kuapa kwamba sitabeba ndoo tena maishani.

Koki ikaharibika katikati ya kiangazi, wakati Tabora nzima inalilia maji. Ilianza kwa kudondosha, kisha ikawa hata uikaze namna gani maji hayakatiki. Asubuhi moja tulikuta nusu ya tangi imemwagika sakafuni. Sista msimamizi, mama mpole ambaye upole wake ulinitisha kuliko ukali wa wengine, aliitazama ile sakafu, akasema taratibu kwamba wodi ya wazazi inahitaji mashuka makavu kila siku, na koki mpya ikiagizwa Dar es Salaam itachukua wiki kadhaa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaitengeneza mwenyewe.

Nilipanda kwenye tangi nikaziba tundu la bomba kwa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa, kisha nikaifungua koki kwa spana. Kile kipande cha ngozi kinachozuia maji ndani yake kilikuwa kimelika. Nikakata kingine kwenye kiatu changu kikuukuu, nikakipachika. Ikavuja. Nikakata cha pili, ikavuja. Nilipoigeuza kwenye jua ndipo nikaona ufa katika shaba yenyewe. Hapo ningeweza kurudi kwenye ndoo, na mashuka yangefuliwa. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba sikuwa na njia nyingine.

Nilikuwa na rafiki Mgogo aliyefanya kazi ya reli, na mimi ni Mnyamwezi. Kwetu hilo linatosha kueleza mengi. Babu zetu walipopita Ugogo na mizigo mabegani, kwenda na kurudi pwani, walitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wakaruhusiwa kunywa maji, na kutokana na mateso hayo ukazaliwa utani ambao haujafa. Mtani huingia kwako akakamata kuku, nawe ukacheka. Huja msibani akakutukana, nawe ukamshukuru. Kukasirika ndiyo aibu. Kila tulipokutana nilimdai maji ya babu yangu, naye alinijibu kwamba babu yangu alikunywa kisima kizima akaondoka bila kuaga.

Uani kwake, kwenye kota za reli, palikuwa na pipa la maji juu ya matofali, na chini ya pipa hilo koki ya shaba, kipimo kilekile cha yangu. Majirani wote walichota kwenye mapipa yao kwa kata kutoka juu. Nilidhani koki yake ni maringo tu. Mama yake, bibi kipofu aliyemleta kutoka Ugogo mwaka ule, alishinda palepale uani, lakini sikujiuliza koki ile iliwekwa kwa ajili ya nani.

Nilikwenda mchana, rafiki yangu akiwa safarini na treni ya Kigoma, mkewe shambani Ntalikwa.

"Nani anagonga pipa?" bibi aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Ni mtani wenu. Nachukua koki, fidia ya maji mliyowatoza babu zetu."

"Marahaba." Akacheka. "Chukua, mjukuu wangu. Wanyamwezi hamjapita kwetu mkaacha kitu."

Nikapachika gunzi mahali pa koki, nikaondoka nayo nikipiga mluzi. Hospitalini niliizungushia uzi wa pamba uliosuguliwa nta ya Sikonge, nikaikaza kwenye bomba, nikatoa gunzi tangini. Hakuna tone lililotoka. Sista akaipapasa, akaniita fundi mbele za watu, nami kichwa kikavimba.

Rafiki yangu aliporudi alinifuata kazini. "Mwizi wewe," alisema. "Nitakulipiza." Tukacheka, ingawa yeye aliacha kucheka mapema kuliko kawaida yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na kopo la asali, kusudi nimtanie zaidi. Nilimkuta bibi peke yake, amekaa kizingitini, ndoo imelala ubavu karibu na miguu yake. Midomo ilikuwa imempasuka. Aliniomba maji. Nikafunua pipa nikachota, akanywa kata mbili bila kupumua.

"Juu ya pipa sifiki, kwa hiyo mkwe wangu huniachia ndoo asubuhi," alisema. "Leo nimejikwaa nayo, ikamwagika. Juzi pia."

"Kwa nini usimwite jirani, bibi?"

"Maji ya kunywa nitaomba. Lakini ya kwenda nayo chooni, nimwombe mtoto wa watu kila mara? Koki nilikuwa naifuata mwenyewe, hatua saba kutoka hapa. Sasa nimepunguza kunywa, ili nisiende."

Nilimuuliza kwa nini mwanawe hakuniambia. Alionekana kushangaa.

"Angekuambia nini? Wewe si mtani?"

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nilirudi hospitalini nikiwa na hasira, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumkasirikia, nilijikasirikia mwenyewe njia nzima. Nikaziba tangi kwa gunzi, nikaifungua koki. Sista akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza yote. Akauliza ni nani sasa atakayebeba maji ya kujaza mashine. Nikasema ni mimi.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomaliza kuifunga kwenye pipa la bibi. Alihesabu hatua zake saba, akanyoosha mkono, akaikuta bila kupapasa. Akafungua, akafunga, akafungua tena, vidole vyake vikiwa ndani ya maji.

"Na hongo yangu?" aliuliza.

"Sema lolote, bibi."

Akakinga maji kwenye kata mpaka ikajaa, akaninyooshea.

"Kunywa. Kawaambie babu zako, ya leo hatukutoza."

Niliyanywa nikiwa nimempa mgongo, kana kwamba angeweza kuniona nikilia.