Nilinunua alternator kubwa kuliko zote Gerezani, ndugu wa mke wangu wakaenda kumsuta muuzaji

Wakuu, habari za mihangaiko?

Kisa hiki wakwe zangu wanakijua kuliko mimi ninavyokijua, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuka. Ni ukweli mtupu.

Nimepanga Kariakoo, nyumba yenye ua wa kuanikia nguo na kugombania kamba za kuanikia. Mke wangu, Mama Zubeda, anauza juisi. Ana friza moja na anaipenda sana. Mimi ananivumilia.

Mvua zilipoanza, bonde la Jangwani likajaa maji, umeme ukawa unakuja na kuondoka bila hata kuaga.

Na wiki hiyohiyo mdogo wake, Rehema, alikuwa anaolewa. Juisi yote ya shughuli alikabidhiwa Mama Zubeda: ukwaju, ubuyu, embe. Ikichacha, aibu ni ya ukoo mzima mbele ya upande wa bwana harusi. Na nyie mnawajua watu wa shughuli, pilau likikosa chumvi linasemwa mwaka mzima.

Nikamwambia, "Mke wangu tulia. Umeme nitautengeneza mwenyewe."

Akaniangalia kwanza.

"Baba Zubeda, wewe? Koki ya bafuni tu imekushinda."

Nikampuuza. Nilikuwa na injini ndogo ya petroli iliyotoka kwenye pampu ya maji. Unaifunga kwa mkanda na alternator ya gari, kile kidude cha kuzalisha umeme, alternator inachaji betri, betri inalisha inverter, inverter inaugeuza uwe umeme wa nyumbani na kulisha friza. Video zake nimeangalia nyingi, wazungu wanafunga wakiwa na kaptula huku wanakunywa kahawa. Mimi nishindwe nini?

Nikaenda mtaa wa Gerezani, hapohapo Kariakoo, kwa jamaa anaitwa Haji, anauza spea za mtumba. Alternator zimepangwa mpaka darini.

"Haji, nipe high output. Ile yenye amp nyingi kuliko zote humu ndani."

"Unafunga kwenye nini kaka? Injini yako ina nguvu gani?"

Sasa wakuu, wazoefu wa Kariakoo wananielewa. Pale ukiulizwa swali la kitaalamu ukajiumauma, umeshajulikana ni wa kuja, na bei inapanda hapohapo. Kwa hiyo hata kama hujui kitu, unakunja uso.

Nikakunja uso. "Wewe shusha kubwa. Mimi si mgeni hapa."

Haji akanyanyua mabega, akashusha dude limetoka kwenye gari la wagonjwa huko majuu. Zito balaa. Kibandiko chake kinasema amp zaidi ya mia mbili. Pembeni kulikuwa na ya IST, kale kagari kadogo, nikaiona kama kitumbua, sikuitazama mara mbili.

Fundi wangu Chogo akalifunga dude uani. Ndugu wa mke wangu waliokuja kwa ajili ya harusi wote wametoka kuangalia. Nikavuta kamba, injini ikanguruma. Shangazi Tatu, shangazi yake mke wangu, akapiga kigelegele. Nikajiona mwanaume.

Nikaunganisha betri.

Injini ikakohoa. Ikazima.

Vuta tena. Kohoa. Zima. Chogo akabadilisha puli, yale magurudumu ya mkanda, akaukaza, wapi! Dude likianza tu kuzalisha, injini inakata roho. Friza imeanza kutoa machozi, harusi kesho, na Mama Zubeda anadeki maji ya friza huku ananitazama mimi. Niliogopa, sifichi.

Ndiyo nikapaza sauti, "Nimepigwa! Haji kaniuzia kimeo!"

Aisee. Ningeyasema hayo mbele ya washkaji wangeniambia pole mwanangu, yakaisha. Mbele ya wanawake wa shughuli, wenye khanga za sare tayari kiunoni?

Shangazi Tatu akainuka. "Twendeni tukamsute!"

Dude likapakiwa kwenye mkokoteni. Nyuma yake sufuria, vijiko na vigelegele. Mimi nafuata, "jamani taratibu, jamani," lakini moyoni nasikia raha kinoma.

Tumefika, wameanza: "Kauza kimeo huyo, mchana kweupe!" Wateja wametoka, simu zinarekodi.

Haji wala hakukasirika. Akachukua lile dude, akalifunga kwenye mota yake ya kupimia, akawasha. Taa za gari alizozifunga ukutani zikawaka zote mpaka watu wakafumba macho.

"Mama zangu, mzigo ni mzima," akasema. "Ila hii inakula nguvu, inataka injini kubwa. Ukiifunga kwenye injini ndogo, unaikaba roho hiyo injini tu. Na nilimuuliza huyu bwana injini yake. Akanijibu yeye si mgeni hapa."

Wakanigeukia wote.

Shangazi Tatu akashika kiuno. "Kumbe wa kusutwa tumekuja naye!"

Wakaanza upya, mdundo uleule, maneno mapya: "Si mgeni huyo, si mgeni!" Hadi wasukuma mikokoteni wakaitikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kaptula yangu.

Mama Zubeda, aliyekuwa katufuata nyuma, hakuimba. Alienda kaunta.

"Kaka Haji, ni injini ya pampu ya maji, ndogo, ya kuvuta kamba. Nataka friza moja tu isizime. Nichukue ipi?"

Haji akampa ya IST, akachukua dude lake, akamwambia puli kubwa ikae upande wa injini, ndogo kwenye alternator, ili alternator izunguke kwa kasi. Kabla ya magharibi friza ilikuwa inanguruma. Kwenye harusi upande wa bwana harusi waliomba jagi jingine la ukwaju, na Rehema alilia kwa furaha. Nami machozi yalinilenga, msinicheke.

Somo: amp za kwenye kibandiko zisikuzuzue. Anza na injini uliyonayo na mzigo unaotaka kubeba, ndipo uchague alternator. Na ukiulizwa swali dukani, jibu.

Juzi Haji kapiga simu. Hakuniulizia mimi. Kamtafuta Mama Zubeda wapange kufunga mtambo wa friza ya pili. Friza yenyewe imeshafika, imewekwa pale lilipokuwa kochi langu la kuangalia mpira.

Waliofunga mitambo ya hivi wamwage uzoefu hapa chini. Wa kunisuta nao waje, ila vijiko waje navyo wenyewe.