Honi ya Benzi Langu Harusini

Nakiri: nyaya za Benzi langu kuukuu nilizifunga mwenyewe, mimi mwalimu nisiye fundi, nyumbani Viwanja Sitini, na gari likawaka. Nikavimba kichwa hadi nikajitolea kumpeleka bibi harusi, mdogo wa mke wangu, kanisani Lumemo. Njiani, kila nilipokanyaga breki honi ililia. Watu walishangilia, nami nikawapungia mkono kana kwamba nilipanga. Tulipofika kanisani honi ikagoma kunyamaza kabisa. Padre akatoka, waumini wakamfuata nje.

"Mwalimu, zima basi, misa inaanza."

"Haizimiki, Baba."

Nikafungua boneti mbele ya wote, suti ikapata grisi, nikang'oa waya. Kukawa kimya. Bibi harusi akachungulia kwenye dirisha la gari.

"Shemeji, kwani fundi wako ni nani?"

Kanisa zima lilikuwa likinitazama.

"Ni mimi," nikajibu kwa sauti.